Kilo Mbili

Mwezi wa saba, Mufindi haina asubuhi.
Kuna ukungu, kisha ukungu mweupe zaidi,
na ndani yake mtu unayemjua
kwa kikohozi tu.

Ndivyo walivyonijia akina mama wa chai,
vikapu mgongoni, vidole vimepasuka kwa umande,
nami karani wa mizani kwenye kibanda cha bati,
kalamu sikioni, daftari pajani.
Kamwene. Kamwene.
Ninang'iniza kikapu. Mshale unatetemeka. Unatulia.
Ninaandika.

"Toa kilo mbili kila kikapu," alisema nyapara Kiswaga,
"andika ni maji ya jani."
Hata mwezi wa kumi, jani limekauka kama karatasi,
maji yale yalikuwamo daftarini.
Miaka sita niliyaandika.
Sikujiita mwizi. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Halafu nikabatizwa, mtu mzima na ndevu zangu,
kwenye kijito kilichonifinya mifupa,
na Jumatatu yake Adelina Luvanda akaleta kikapu,
mshale ukasimama kumi na tisa,
mkono ukaenda kuandika kumi na saba
ukagoma.
Si mimi niliyegoma, nisijisifu.
Mkono uligoma kama punda mbele ya daraja bovu.

Nikaandika kumi na tisa.
Siku ile niliandika vyote kama vilivyo.

Wakaniita mlokole.
Nyumba ya kampuni tuliihama usiku,
Otilia na godoro kichwani, hakusema neno,
na kimya chake kikanichoma kuliko matusi ya Kiswaga.
Shemeji akauliza,
"Huyo Yesu wako ndiye atakayelipa ada ya Eliabu?"
Sikuwa na jibu.
Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima.

Kisha wakasema daftari lina upungufu,
kwamba kilo nilizoandika hazikufika kiwandani.
Mahabusu ya Mafinga, saruji inatoa jasho la barafu,
watu tisa, mablanketi mawili.
Nililia. Nalisema hili kwa sababu
wahubiri hupenda kuliruka.
Nililia hadi kijana mmoja, mwizi wa mbao,
akanigusa bega: "Mzee, punguza.
Maji yanakuja upande wangu."

Nikacheka.
Sijui kilitoka wapi kicheko kile.
Hakikupiga hodi. Kilianzia tumboni
kama sufuria ya uji inapoanza kuchezesha kifuniko,
nikacheka hadi askari akagonga mlango kwa rungu,
na katikati ya kucheka nikagundua
sina ninachokificha.
Miaka sita nilikuwa nimebana kitu kwapani,
usingizini nimekibana, kanisani nimekibana,
na sasa mikono ilikuwa imeachia,
na baridi ilikuwa baridi tu.
Yeye niliyezoea kumwita kwa sauti ya juu
alikuwa ameketi palepale kwenye saruji, hana blanketi,
karibu kuliko mwizi wa mbao.

Njaa haikuondoka.
Njaa ilikuwepo na furaha ilikuwepo,
zimekaa chumba kimoja kama wakwe wasiozoeana,
kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi.

Siku ya nne askari akaita,
"Yoramu Nyenza, una wageni."
Nje ya uzio, ukungu, na ukunguni vikohozi.
Nilivitambua kabla sijaona sura:
Adelina, Mama Chaula, yule bibi wa laini ya tatu
ambaye nilimkata kilo mbili tangu mumewe yu hai,
na nyuma kabisa, kidogo, kama anaona haya,
kikohozi cha Otilia.

Walikuwa wametembea tangu saa tisa za usiku.
Katika kikapu cha chai, chini ya kitenge kuukuu,
viazi vya kuchemsha, bado vina joto.
Askari akanipa mpini.
Mkono wa karani ukapima wenyewe, mazoea yana tabu:
kilo mbili.
Na kidogo.

Hicho kidogo sikukiandika popote.